Pesa Imetoka, Tiketi Haijafika: Historia ya Hapo Katikati

Wasee, wacha niwaulize swali. Umelipia tiketi ya basi ya Mombasa kwa simu. Meseji ya kukatwa pesa imeingia. Lakini tovuti ya basi inazunguka tu, kiti hakionekani. Saa hiyo umelipa ama hujalipa?

Swali linakaa rahisi, lakini kuna watu wamelifanyia kazi karibu miaka 50. Na majibu yao ndiyo yanaamua kama utasafiri usiku huo ama utalala kwa steji.

Tuanze mbali kidogo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kompyuta za benki zilikuja kujifunza methali hiyo hiyo. Miaka ya 1970, pale San Jose, California, watafiti wa IBM walikuwa wakijenga mfumo wa kuhifadhi data ulioitwa System R. Mmoja wao alikuwa Jim Gray. Shida ilikuwa hivi: unatoa shilingi 1,000 kwa akaunti ya kwanza, na kabla hujaiweka kwa ya pili, stima inapotea. Hiyo 1,000 iko wapi?

Jibu lilikuwa daftari. Kabla mashine iguse hesabu yoyote, inaandika kwanza inachotaka kufanya. Ikizima na kuwaka tena, inasoma daftari lake: kilichokamilika kinabaki, kilichofika nusu kinarudishwa nyuma. Yote ama hakuna. 1983, Theo Härder na Andreas Reuter kutoka Ujerumani wakazipa sifa za muamala mzuri jina moja, ACID: unafanyika wote ama haufanyiki, unaacha hesabu zikiwa sawa, hauingiliwi na mwingine, na ukishakubaliwa haupotei.

Sawa. Lakini hiyo ni mashine moja. Zikiwa mbili, tatu, miji tofauti?

Hapo ndipo kukaja mbinu ya awamu mbili, ambayo Gray aliieleza kwa maandishi 1978. Miaka mitatu baadaye alitumia mfano wa harusi, na sijaona mwingine unaoushinda. Padre anamuuliza bwana, unakubali? Anamuuliza bibi, unakubali? Hiyo ni awamu ya kwanza. Wote wakisema ndiyo, padre anatangaza, na hiyo ni ya pili. Mmoja akikataa, hakuna harusi, kila mtu aende kwao.

Sasa fikiria padre amezimia baada ya ndiyo mbili, kabla hajatangaza. Hao wawili wanafanya nini? Hawawezi kusema wameoana. Hawawezi kuondoka, kwa sababu walishakubali. Wanasimama tu hapo mbele ya watu. Kwa kompyuta ni hivyo hivyo: kiti kimefungwa, pesa imefungwa, kila mtu anangoja mashine moja iamke.

Ndani ya kampuni moja unaweza kuvumilia, maana unajua nani wa kuamshwa. Lakini kwa intaneti, kampuni ya basi haiwezi kukubali viti vyake vifungwe usiku mzima ati kwa sababu seva ya benki ya mtu mwingine imelala. Ni biashara, si undugu.

1987, Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem wa chuo cha Princeton wakaleta wazo tofauti, wakaliita saga. Kazi ndefu ikatwe vipande vifupi. Kila kipande kimalize na kiachilie. Lakini kila kipande kiandikiwe pia mwenzake wa kukitengua. Umeshika kiti, malipo yamekataa, basi hatua ya kuachilia kiti inafanyika. Hakuna anayesimama mbele ya padre.

Lakini angalieni hapa. Kutengua si kufuta. Ile dakika kiti chako kilikuwa kimeshikwa, msee mwingine aliona basi imejaa, akaenda kwa kampuni ingine. Huyo hutamrudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Unaweza tu kuleta maji mengine. Pesa ikirudi kwako, huo ni muamala mpya, wa kulipia ule ulioharibika. Ule wa kwanza ulitokea, na utabaki kwa daftari.

Wakati kampuni zilianza kuunganisha huduma zao kwa intaneti, IBM, Microsoft na BEA waliandika 2002 kanuni za miamala ya namna hiyo, na wakaweka njia zote mbili: moja ya kuapa pamoja kama harusi, ingine ya kutengua kama saga. Shirika la OASIS likazipitisha kuwa viwango rasmi 2007.

Mwaka huo huo, tarehe 28 Januari, Jim Gray alitoka San Francisco peke yake kwa mashua, akielekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mamake. Hakurudi. Maelfu ya watu walijitolea kumtafuta kwenye picha za setilaiti, wasipate kitu. Familia ilikaa miaka 5 kabla mahakama itangaze rasmi kwamba amefariki. Wiki chache baada ya yeye kupotea, Machi 2007, M-Pesa ikazinduliwa Kenya. Ile shida aliyoishughulikia maisha yake yote ikaingia mfukoni mwa mama mboga.

Na iliingia na umbali wake. Mpaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Ukituma mia mbili kutoka Kisumu hadi Busia, habari inapitia Ulaya. Ndiyo maana ile kodi ya herufi na tarakimu 10 kwa meseji si pambo. Ni jina la muamala wako kwa daftari. Mfumo uliojengwa vizuri hupa kila ombi nambari yake, ili ombi hilo likirudi mara ya pili sababu netiweki ilikatika, ujibu "hili nilishafanya" badala ya kukukata tena.

Sasa maoni yangu. Mimi sina shida na dunia kuchagua kutengua badala ya kungoja. Bila hivyo hakuna kitu tungenunua kwa intaneti. Shida yangu ni nani anabeba hapo katikati. Kwa saga, mfumo wenyewe ndio unatengua. Huku kwetu mara nyingi mtenguaji ni wewe: piga simu, ngoja muziki uishe, tuma picha ya meseji, eleza upya kwa mtu wa tatu. Kuna kampuni, sitaitaja, ilikaa na nauli yangu siku tatu. Daftari lao lilionyesha nimelipa na sina kiti. Walikuwa na kila kitu cha kunirudishia bila mimi kuomba. Kwa mtu mwenye akiba, siku tatu ni usumbufu. Kwa mtu aliyekuwa na hiyo nauli tu, ni mazishi amekosa, ama intavyu.

Kwa hivyo nyinyi mnaojenga programu usiku kwa hosteli, na najua mko wengi hapa: siku unayoandika hatua ya kuchukua pesa, andika pia ya kuirudisha. Siku hiyo hiyo, kabla ya kuchagua rangi za tovuti. Na sisi wateja tuache kuuliza tu kama huduma ni ya haraka. Tuulize ikikwama saa nane usiku, nani ataamka: mashine yao, ama sisi.