Ala ya Bastola, Si Mfuko

Kile kifaa cha ngozi kinachoshikilia bastola kiunoni kimepewa majina mengi katika Kiswahili. Wapo wanaokiita mfuko, wapo wanaosema mkoba, na wafasiri wengine hukwepa kazi wakaacha neno la Kiingereza kama lilivyo. Istilahi ninayoitetea hapa ni ala ya bastola. Kisu kina ala, jambia lina ala, upanga ukishatumika hurudishwa alani. Sioni sababu ya bastola kutengwa.

Hoja yangu inatokana na namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Mfuko hupokea chochote: mahindi, vitabu, shilingi. Ala hutengenezwa kwa ajili ya kitu kimoja chenye umbo moja, na kisipoingia sawasawa basi ala hiyo si yake. Kitui na Makueni, nchini Kenya, jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa ala ya sime ya Mkamba ni vibao viwili vyembamba vilivyochongwa kufuata umbo la sime yenyewe, kisha vikavikwa ngozi na kushonwa. Mishale nayo ina chombo chake, thyaka kwa Kikamba, ziaka au podo kwa Kiswahili. Ziaka hubeba mishale mingi kwa pamoja, ndiyo maana neno hilo halifai kwa bastola, ingawa nimewahi kusikia likipendekezwa.

Neno ala lina uzito wa kutosha hata kwa vifaa vingine vya ngozi. Mwaka 1851 mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa safarini na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe kutoka Kitui, walipovamiwa karibu na Mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alijikuta peke yake nyikani, bila hata kibuyu. Alichota maji ya mto kwa ala ya ngozi ya darubini yake, mengine akayatia katika mitutu ya bunduki. Mwandishi akisema kwamba alichota maji kwa mfuko wa darubini, msomaji ataona kitambaa kinachovuja. Akisema ala, ataona ngozi ngumu iliyoshonwa kufuata umbo la darubini, na ataelewa kwa nini mtu mwenye kiu aliithamini.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana istilahi isiyotumika karakanani haidumu. Ukambani ulitoa askari wengi kwa jeshi la King's African Rifles katika vita vyote viwili vya dunia, na reli inayopita Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ilikuwa njia kuu ya kupeleka vikosi na shehena wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Askari wa kawaida alibeba bunduki, bastola ikawa ya afisa. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha zama hizo, awe mtunza makumbusho, mwalimu wa tamthilia au mtengeneza filamu, atahitaji ala ya afisa, na ala halisi za wakati huo ni chache na zimechakaa. Hapo ndipo nakala inapohitajika. Nasema nakala, sisemi bandia, kwa maana bandia ni noti ya kudanganya dukani, na fundi anayeshona ala mpya akaweka alama yake hamdanganyi mtu. Vivyo hivyo nasema bastola ya kale, si bastola kuukuu. Kuukuu imechoka, ya kale ina historia.

Kosa kubwa katika kuchagua nakala ni kununua kwa jina la kampuni ya bastola tu. Mtu husikia Webley akadhani zote ni moja. Webley toleo la sita, lililoidhinishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, lina mtutu wa inchi 6, yaani kama sentimita 15, na kitako chake ni cha mraba. Toleo la tano lililolitangulia lilikuwa na mtutu wa inchi 4 kwa kawaida, na kitako kilichopinda. Bastola ya Enfield ya miaka ya 1930 ina mtutu wa inchi 5 na umbo jembamba zaidi. Ukiitia Enfield katika ala ya Webley ya toleo la sita, itachezacheza humo ndani, na kifuniko hakitafunga mahali pake. Pima mtutu, pima unene wa silinda, pima kuanzia silinda hadi ncha ya kitako. Pima mkanda pia: mkanda wa Sam Browne, uliopewa jina la afisa wa Uingereza aliyepoteza mkono wa kushoto India mwaka 1858, una upana wa karibu sentimita 5.7, na vitanzi vya nakala nyingi havilingani nao.

Ngozi iwe ya ng'ombe, unene wa milimita 3 au 4, iliyoivishwa kwa magome ya miti. Ngozi ya mbuzi, ambayo Kitui na Makueni haikosekani, ni nyembamba mno kwa mwili wa ala ila inafaa sana kwa bitana. Ngozi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa chumvi za kromi huwa laini, na hata ukiifinyanga haishiki umbo.

Ala ikibana, usiilazimishe. Ilowanishe kwa maji vuguvugu hadi ikubali kidole, kisha ingiza kalibu ya mbao iliyochongwa kwa vipimo vya bastola. Kandamiza kwa gumba kufuata silinda, kisha kinga ya kifyatulio, mpaka mistari yake ijitokeze upande wa nje. Iache kivulini ikauke polepole. Jua la Kitui likiipata ikiwa mbichi, ngozi hukakamaa na kupasuka penye mkunjo. Ala ikilegea, fumua mshono, usogeze ndani kidogo, utoboe upya kwa msharasi. Tumia uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika kila tundu, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke. Nta ya nyuki haihitaji kuagizwa mbali, Mwingi kuna asali kila mahali.

Mambo mawili hayana mjadala. Ala halisi ya kale haipunguzwi wala haishonwi upya ili itoshee bastola nyingine, marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Na bastola haihifadhiwi ndani ya ala, kwa sababu ngozi hushika unyevu na asidi zinazokula chuma. Vitu hivi viwili vikae rafu moja, kila kimoja peke yake. Bastola yenyewe, hata ikiwa ya zama za babu, inaangukia chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kwa hiyo suala la cheti lishughulikiwe kabla ya suala la ngozi.

Kuna atakayesema kwamba ala ni pia chombo cha muziki. Ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kusikia ala ya kisu akatafuta ngoma. Neno linalofuata huondoa utata. Wahariri, wafasiri na mafundi wa ngozi, andikeni na semeni ala ya bastola.