Mkato: Mchoro Unaolipasua Kuba

Mwombe fundi wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, akuonyeshe michoro ya nyumba, naye atakunjua karatasi moja na kusema, "Plani hii hapa." Vitabuni tunaiita ramani. Kwa nyumba ya vyumba vitatu na paa la mabati, karatasi hiyo inakufikisha mbali: unaona kuta, milango, na jiko liko upande gani. Kwa kuba haikufikishi popote. Kwenye ramani kuba ni duara tu, na duara hilo laweza kuwa tangi la maji.

Kuhusu neno kuba lenyewe hakuna ugomvi mkubwa. Kamusi zinatoa pia zege kwa maana hiyohiyo, lakini litamke neno hilo kwenye saiti uone: vijana watainuka kwenda kukoroga saruji ya Hima, mchanga na kokoto.

Mchoro unaolieleza kuba mafundi wengi huuita sekisheni. Kwa Kiswahili ni mkato. Mchoraji hulichukulia jengo kana kwamba limepasuliwa kwa msumeno toka kileleni hadi msingini, nusu moja ikaondolewa, kisha huchora nusu iliyobaki. Kilichopitiwa na msumeno hupewa mstari mzito au hujazwa rangi. Kilicho nyuma yake hupewa mstari mwembamba. Njia ya msumeno huonyeshwa kwenye ramani kwa mstari wenye herufi A kila ncha, ndiyo maana chini ya mchoro husomeka Mkato A–A.

Wapo wanaopendelea kuuita sehemu. Mimi siafiki. Sehemu ni kipande cha kitu chochote, hata shamba. Mkato unataja kazi aliyoifanya mchoraji. Mwanafunzi atanung'unika kwamba mkato ni ile alama ya kupumzikia katika sentensi, ila hakuna atakayezichanganya akiwa ameshika karatasi ya jengo. Tena ramani nayo ni mkato, ila wa mlalo: jengo limekatwa kiasi cha mita moja juu ya sakafu, msumeno ukapita katikati ya madirisha. Papai lililokatwa kwa urefu na lililokatwa kwa upana huonyesha mbegu zilezile kwa sura mbili. Basi tuseme mkato wima na mkato mlalo.

Mkato wima ulio maarufu kuliko mingi ni ule wa kuba la Bunge la Marekani, Washington, uliochorwa na msanifu Thomas U. Walter mwaka 1859, ujenzi ukiendelea. Ukilitazama jengo kwa nje, utaapa kwamba ni jiwe tupu. Mchoro unakukatalia. Kuba ni la chuma cha kusubu, kama tani 4,000, na makuba ni mawili, moja ndani ya jingine, katikati yakiwa na mbavu 36. Kuba la ndani lina tundu kubwa juu, na juu ya tundu hilo limening'inizwa dari lililopinda, tayari kwa picha ambayo msanii Constantino Brumidi aliichora mwaka 1865. Jambo linalonivutia zaidi liko chini. Ile safu ya nguzo inayozunguka kuba haikukalia kuta za zamani, maana ni pana kuzipita. Imebebwa na mabano ya chuma yaliyochomoza nje ya kuta hizo, kisha yakafichwa. Hakuna picha ya nje wala ramani ambayo ingekufichulia hilo.

Kwetu Afrika Mashariki, makuba ya serikali yanapatikana kwa mfano Unguja, ambako msanifu John Sinclair alisanifu Mahakama Kuu pale Vuga na baadaye jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925.

Msomaji wa Bwera ana sababu yake ya kuudai mkato, hata kama hajengi bunge. Uzito wa kuba haushuki wima tu. Unausukuma ukingo wa chini utanuke, na kisichofungwa hupasuka. Ndiyo maana chini ya kuba huwekwa mkanda wa kulibana, ndugu wa ule ambao mafundi wetu huuita ringi bimu juu ya kuta za nyumba. Na huku kwetu ardhi hutikisika. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilipiga pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo, likaua watu zaidi ya 100. Kwa hiyo anayetaka kuweka kuba, la msikiti au la ofisi, na aanze kwa kuomba Mkato A–A, kisha aitafute ringi bimu: mraba mdogo juu ya ukuta, wenye nukta nne au zaidi ndani yake. Nukta hizo ni nondo zilizokatwa na msumeno wa mchoraji. Kama mraba umeachwa mtupu, amrudishie mchoraji karatasi yake kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.