Sungura Aliyelikumbuka Jina



Kila mwaka ifikapo Agosti, shule zikiwa zimefungwa na joto la Guangzhou likiwa limetuelemea, kumbi za Pazhou hugeuka soko la vitabu. Wengi wetu tunazifahamu kumbi hizo kwa sababu nyingine. Ndimo yanamofanyika Maonyesho ya Canton, ambako tunakwenda kutafuta vigae, taa, majenereta na vipuri vya pikipiki. Agosti ni zamu ya tamasha la vitabu, ambalo Wachina huliita Nanguo Shuxiang Jie, lililoanzishwa mwaka 1993. Upande wenye msongamano mkubwa ni ule wa vitabu vya watoto. Mwandishi ambaye pia ni mchoraji wa kitabu chake hukaa nyuma ya meza, kalamu mkononi, na watoto hujipanga mbele yake. Kila mmoja huondoka na jina lake na mchoro mdogo kwenye ukurasa wa kwanza.

Tulipokwenda huko na watoto wetu, binti mmoja wa miaka sita alifika mbele ya meza. Mchoraji akamwuliza angependa achorewe mnyama gani. Akajibu bila kusita: "Tuzi." Mama yake akamwinamia na kumwuliza: "Kwa Kiswahili tunamwitaje huyo, mwanangu?" Mtoto akanyamaza. Akayatazama masikio marefu yakijitokeza kwenye karatasi, akatutazama sisi, kisha akainamisha kichwa. Tulicheka kidogo ili asione haya. Lakini njiani tukirudi Xiaobei hakuna aliyecheka. Mtoto anaijua hadithi ya sungura na anampenda sungura, ila jina lake limempotea.

Jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu safari ya vitabu vya picha kati ya nchi hii na pwani yetu ina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na wazee wetu. Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Katika miaka iliyofuata, shirika la uchapishaji wa lugha za kigeni la Beijing, lililoundwa mwaka 1952, likaanza kutoa vitabu vya Kiswahili. Vingi vilikuwa vya siasa, lakini ndani ya shehena hiyo vilikuwamo pia vitabu vya watoto vyenye picha za rangi. Havikuwa ghali. Mtoto wa Dar es Salaam au Unguja aliweza kukifungua kitabu na kukuta watoto wa Kichina, mashamba ya Kichina na wanyama wa Kichina, wote wakizungumza Kiswahili.

Zama hizo ndizo za reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mji huu tunaoishi una nafasi yake katika habari hiyo, kwani mafundi na wafanyakazi wa reli walipandia meli hapa Guangzhou kuelekea Dar es Salaam. Tunapolalamika kwamba kontena limechelewa baharini, tukumbuke kwamba njia hiyo ilizoeleka kabla yetu, na kwamba urafiki ule ulibeba reli na vitabu pia.

Hatuna sababu ya kuvidharau vitabu vile. Viliandikwa kwa lugha yetu na vilifika mikononi mwa watoto ambao pengine wasingepata kingine. Hata hivyo, kulikuwa na pengo. Mtoto alisoma maneno ya kwao katika picha za kwa wenzake. Mwembe, mtumbwi, khanga ya bibi na jiko la mafiga havikuwamo. Kwa nini sisi wenyewe hatukuchora?

Jibu la haraka ni kwamba hatukuwa na wachoraji, na jibu hilo si kweli. Mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam kutafuta riziki, alianza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya mbao laini, na kuwauzia wapita njia huko Oysterbay. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Hakuishi miaka mingi ya kazi hiyo, lakini jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Chui, ndege na twiga wao wamefika katika nyumba za watalii dunia nzima. Mkono wa kuchora ulikuwapo tangu zamani.

Kilichokosekana kilikuwa fedha. Kitabu cha picha cha rangi ni ghali kukichapa, na bei ya kila nakala hushuka tu pale nakala zinapokuwa nyingi. Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi alijua kwamba mzazi atanunua kwanza kitabu cha kiada, kwa kuwa mtihani unakuja. Hadithi yenye picha ilibaki kuwa anasa. Ndiyo maana mwaka 1991 ulianzishwa nchini Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto. Uliwafunza waandishi na wachoraji, ukanunua nakala za vitabu vilivyochapwa na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji akawa na uhakika wa mauzo kabla ya mtambo kuanza kuzunguka. Hesabu hiyo kila mfanyabiashara miongoni mwetu anaielewa: mwenye mzigo huondoa hofu pale anapokuwa na oda.

Katika mapito hayo ya Tingatinga ndipo alipotokea John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 kusini magharibi mwa Tanzania. Huyu ni mwandishi na mchoraji kwa pamoja, na pia msimuliaji. Alikwenda vijijini kusikiliza hadithi za wazee, akazichora kwa rangi kali alizojifunza Dar es Salaam. Wanyama wake huvaa mashati na magauni ya vitambaa vya kwetu, hupanda baiskeli, hupika, huenda sokoni. Kitabu chake cha samaki wabichi kinamhusu sokwe mvuvi na mbwa anayemwibia. Mbwa anafikishwa mbele ya baraza la wanyama. Lakini tazameni safari yake: kitabu hicho kilitoka kwanza kwa Kijerumani, nchini Uswisi, mwaka 2001. Watoto wa Zürich na Basel walimpata sokwe wetu kwa lugha yao.

Hatusemi hivyo kwa kumlaumu Kilaka. Msanii huchapwa pale penye mchapishaji aliye tayari kugharamia rangi. Tunasema ili tuone mambo yalivyogeuka. Zamani tulipata Kiswahili chetu katika picha za wengine. Baadaye picha zetu zikasafiri katika lugha za wengine. Na mtoto wetu wa Guangzhou, aliyezaliwa katikati ya njia hizo mbili, hakupata lolote.

Kitabu kingine cha Kilaka, kilichotoka mwaka 2009, kinasimulia habari za mti wa ajabu. Njaa imeingia, na mti mmoja tu una matunda, lakini hata utikiswe namna gani hayaanguki. Kobe mwenye hekima anatoa siri: mti lazima uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwenda kulichukua jina hilo, na njiani wanalisahau. Sungura, ambaye walimwona mdogo mno kwa kazi hiyo, ndiye anayelikumbuka, na matunda yanaanguka.

Tulipoikumbuka hadithi hiyo baada ya siku ile ya Pazhou, tulijiona sisi ndio wale wakubwa. Tumekwenda mbali kutafuta chakula cha watoto, tumekipata, na njiani tumesahau kuwapa jina.

Tufanye nini basi? Jambo la kwanza ni dogo. Kila anayekwenda nyumbani hurudi na unga, dagaa na viungo. Aache nafasi ya kilo mbili kwa vitabu vya watoto vya Kiswahili. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwaka mmoja tutakuwa na kabati zima la kusomeana siku za Jumamosi.

La pili ni kubwa zaidi, lakini liko mlangoni petu. Mkoa huu wa Guangdong, hasa Shenzhen na Dongguan, ni miongoni mwa vituo vikubwa duniani vya kuchapa vitabu vya picha. Vingi vinavyouzwa Ulaya na Marekani hutoka hapa. Sisi tunaagiza kwa wachapaji kalenda, lebo na mifuko. Tunajua kupatana bei, kukagua sampuli na kupakia kontena. Mwandishi yupo, mchoraji yupo, mtambo uko umbali wa saa mbili kwa basi. Kinachosubiriwa ni mtu wa kutoa oda, na kazi ya kutoa oda ndiyo iliyotuleta Guangzhou.

Yule binti ameubandika mchoro wake ukutani, juu ya kitanda. Mama yake ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu neno moja la herufi saba, na kila usiku wanalisoma pamoja. Agosti ijayo tutarudi Pazhou. Ingependeza tukiwa na kitabu chetu mkononi, tukampe yule mchoraji naye akione.