Joto la Juba: Namna ya kuchagua kituo cha hali ya hewa cha nyumbani kwa gharama nafuu

Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini baada ya kutabiriwa kwamba joto lingefikia kati ya nyuzi 41 na 45 za Selsiasi. Februari 2025 zilifungwa tena, kwa wiki mbili. Naibu waziri wa elimu, Martin Tako Moi, alisema wakati huo kuwa kwa wastani wanafunzi 12 walikuwa wakizirai kila siku katika mji wa Juba.

Takwimu za aina hiyo huzungumzia mji mzima au nchi nzima. Mkazi wa Jebel, eneo lililotanda chini ya mlima wa mawe wa Jebel Kujur, ana swali lililo karibu naye zaidi: je, katika ua wake, katikati ya kuta za mabati, joto ni kiasi gani saa tisa alasiri? Vipimo vya Juba vinavyotangazwa kimataifa hutoka uwanja wa ndege, ulio upande mwingine wa mji. Ni vipimo vya kuaminika, lakini huchukuliwa mahali pa wazi penye upepo. Jebel ina mwamba unaonyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku, nyumba zilizosongamana, na mvua inayoweza kunyesha upande mmoja wa mlima huku upande wa pili vumbi likiendelea kutimka.

Ndiyo maana vifaa vidogo vya kupima hali ya hewa, ambavyo zamani vilikuwa vya wataalamu na sasa huuzwa mtandaoni kama bidhaa za nyumbani, vina manufaa hapa kuliko katika miji mingi yenye vituo vya serikali kila pembe. Tatizo ni kwamba vingi vilibuniwa kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani, na matangazo yake husifia mambo ambayo Jebel hayana kazi.

Gharama ni kiasi gani?

Kwa bei za kimataifa, kabla ya usafiri na ushuru, kipimajoto cha kidijitali chenye kipimo cha unyevunyevu hupatikana kwa chini ya dola 20. Vituo vinavyotuma takwimu kwenye simu kwa Wi-Fi, kama vile vya Ecowitt, kwa kawaida huwa kati ya dola 100 na 200. Vya kampuni ya Marekani ya Davis, vinavyosifika kwa kudumu, huanzia zaidi ya dola 300. Kwa mnunuzi wa Juba huongezeka gharama ya kusafirisha mzigo, ambao mara nyingi hupitia Nairobi au Kampala na kuingia kwa mpaka wa Nimule. Hivyo kifaa kilichokuja na kasoro ni vigumu kukirudisha, na vipuri ni jambo la kuulizia kabla ya kulipa.

Hata hivyo, bei si kipimo kizuri cha usahihi. Kipimajoto cha dola 15 kilichowekwa mahali pake kitasema kweli kuliko kituo cha dola 300 kilichofungwa ukutani chini ya bati.

Kivuli kwanza

Kipimajoto kilichopigwa na jua hakipimi tena hewa. Kinapima joto lake chenyewe, na tofauti inaweza kuwa nyuzi kadhaa. Katika mji ambao wastani wa joto la mchana Februari na Machi hukaribia nyuzi 38, nyuzi kadhaa za uongo zinatosha kumtia mtu hofu isiyo na msingi, au kumzoesha kupuuza hatari iliyopo.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linaelekeza kipimajoto kiwekwe kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, ndani ya kinga nyeupe inayopitisha hewa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama katika picha ya bidhaa si kioo chenye rangi za kuvutia, bali kile kifaa cha nje: je, kihisio cha joto kimezungukwa na sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine kwa nafasi? Kama ni kisanduku cheusi au cha kijivu tu, kitahitaji kinga ya kutengenezwa. Visahani sita au saba vyeupe vya plastiki vya kuwekea vyungu vya maua, vikitobolewa katikati isipokuwa cha juu na kushikiliwa kwa boliti ndefu, hufanya kazi hiyo vizuri.

Mahali pa kuiweka ni suala gumu zaidi katika viwanja vidogo. Ua wa udongo au nyasi ni bora kuliko sakafu ya saruji. Ukuta wa bati, jenereta na jiko la mkaa viwe mbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Asiye na ua wa kutosha anaweza kupima chumba chenyewe, mradi aandike wazi kwamba ni joto la ndani. Takwimu hiyo pia ina thamani kubwa, kwani wakati wa mawimbi ya joto watu hushauriwa kubaki ndani, na chini ya bati bila umeme ndani huenda kukawa na joto kuliko nje.

Kipimo cha unyevunyevu nacho kisiachwe. Nyuzi 38 katika hewa kavu ya Februari na nyuzi 33 baada ya mvua ya Mei si vitu vya kulinganishwa kwa joto peke yake. Unyevu ukifika asilimia 70, mwili huzihisi nyuzi 33 kama zaidi ya 40, kwa sababu jasho halikauki.

Mvua: kifaa rahisi ndicho bora

Juba hupata karibu milimita 950 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Aprili na Oktoba, na sehemu kubwa huja kwa dhoruba fupi zenye nguvu. Vituo vya kisasa hupima mvua kwa kijiko kinachopinduka kila kinapojaa. Ni mbinu nzuri, ila katika mvua kubwa kijiko huzidiwa na kusoma pungufu. Katika kiangazi, vumbi, utando wa buibui na viota vya nyigu hukikwamisha kabisa, na mwenye nyumba hugundua baada ya dhoruba ya kwanza kwamba kioo kinaonyesha sifuri.

Mkebe wa kawaida hauna maradhi hayo. Chombo chenye kuta zilizonyooka husomwa kwa rula moja kwa moja. Njia sahihi zaidi ni kutumia faneli yenye kipenyo cha sentimita 11.3 juu ya chupa: eneo la mdomo wake ni sentimita 100 za mraba, kwa hiyo kila mililita 10 zilizokusanywa ni milimita moja ya mvua. Bomba la sindano kutoka duka la dawa linatosha kuzipima. Nchini Marekani, mtandao wa watu wa kujitolea wa CoCoRaHS ulianzishwa mwaka 1998 jimboni Colorado kufuatia mafuriko ya Fort Collins ya mwaka uliotangulia, na hadi leo wanachama wake hupima kwa mikebe ya plastiki isiyo na umeme wala betri.

Mkebe uwekwe mbali na ukuta au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Jebel si kila ua utaruhusu; atakayelazimika kuukaribia ukuta ajue tu kuwa mvua yenye upepo itampunja.

Kwa kaya zinazonunua maji kutoka kwenye magari, hesabu hii ni ya fedha. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Dhoruba ya milimita 30 juu ya paa la mita 40 za mraba ni lita 1,200, yaani mapipa sita, ukiacha kinachopotea kwenye mifereji. Rekodi ya msimu mmoja inatosha kumwambia mtu kama tangi analotaka kununua litajaa.

Yasiyo na haja ya kulipiwa

Kipimaupepo ni cha kwanza katika orodha hiyo. Kiwango cha kimataifa ni mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Ndani ya ua huonyesha zaidi namna kuta zilivyojengwa kuliko upepo unavyovuma. Mlingoti mrefu unaweza kuvuta radi, na katika Juba, kitu chochote kinachofanana na antena huibua maswali. Ni busara mwenye mtaa na majirani waelezwe mapema, hata kwa kifaa kidogo. Vituo vinavyounganisha vipimo vyote kwenye nguzo moja vina udhaifu wa asili hapa, kwa kuwa upepo hutaka kimo na joto hutaka kukaa chini. Anayenunua kwa ajili ya joto aifunge nguzo chini na kuusahau upepo.

La pili ni picha ya jua au wingu inayodai kutabiri kesho. Vifaa vya bei nafuu huitoa kwa kutazama kama mgandamizo wa hewa unapanda au kushuka, kanuni inayofaa zaidi nchi za mbali na ikweta. Katika ukanda wa joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa hektopaskali tatu hivi, ukifika juu yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kushuka yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, mvua iwepo isiwepo. Isitoshe, Juba iko takriban mita 550 juu ya usawa wa bahari, na kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaonyesha hektopaskali kama 950. Mtu asiyejua anaweza kudhani kimbunga kinakaribia.

Umeme, mtandao na masafa

Vioo vingi vya kusomea hutumia volti 5, kama simu, hivyo huweza kuendeshwa kwa sola ndogo au betri ya akiba. Swali la kumwuliza muuzaji ni kama kifaa hutunza takwimu chenyewe umeme au intaneti inapokatika. Vingine huzituma mtandaoni tu, na mtandao ukitoka nyumbani pamoja na simu ya mwenyewe, siku nzima hupotea.

Pia kuna suala la masafa ya redio kati ya kifaa cha nje na cha ndani. Matoleo ya megahezi 915 hutengenezwa kwa soko la Marekani. Ya 868 au 433 ndiyo yanayofaa upande huu wa dunia. Hayabadilishwi baada ya kununuliwa, na kihisio cha toleo moja hakitaongea na kioo cha jingine.

Uchache wa vituo si wa Sudan Kusini peke yake. Mpango wa TAHMO, uliobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 vya gharama nafuu kusini mwa Sahara, vingi vikiwekwa katika shule, ambako kuna ua, uzio na watu wa kuvitazama. Kwa wakazi wa Jebel wasiomudu kifaa kila mmoja, shule au kanisa linaweza kuwa mahali pa kukinunua kwa mchango.

Kifaa kikishafungwa, wiki ya kwanza kilinganishwe na vipimo vya uwanja wa ndege, vinavyopatikana mtandaoni kwa alama ya HJJJ. Tofauti kubwa mchana wa jua kali ni dalili kwamba kinga haipitishi hewa ya kutosha. Mvua isomwe kila siku saa tatu asubuhi na kuandikwa daftarini. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama hakukunyesha au msomaji alikuwa safarini.