Mkuu wa Shule na Amana Aliyobeba



Mtoto anapoingia kidato cha kwanza, mara nyingi huwa na umri wa miaka 13 au 14. Huo ndio umri wa kubaleghe, na dini yetu inatufundisha kuwa kuanzia hapo matendo yake yanaandikwa. Ni wakati huo huo sisi wazazi wa Temeke na Kinondoni tunapomkabidhi kwa mtu ambaye wengi wetu hatumjui hata jina: mkuu wa shule. Yafaa basi tujiulize, mtu huyu amebeba nini?

Tuangalie historia ya mtu mmoja tunayemkumbuka kwa urais wake, tukausahau ualimu wake. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, Mkuranga, ambako mtu wa Mbagala hufika kwa kushika barabara ya Kilwa. Alipelekwa Unguja angali mdogo, akasoma shule ya Mangapwani, kisha Dole, kisha chuo cha ualimu. Mwaka 1945 alirudi Mangapwani kufundisha, na kuanzia 1950 hadi 1954 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile iliyomlea.

Lakini somo lake kubwa la uongozi alilitoa baada ya kuiacha chaki. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Mwanza na Shinyanga, baadhi ya maofisa wa polisi na usalama waliokuwa wakipeleleza mauaji waliwatesa washukiwa, hata wengine wakafa. Mzee Mwinyi hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Angeweza kusema, "Mimi sikuwepo." Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda dhuluma ile walikuwa chini yake.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo maana ya kuwa mkuu. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hataulizwa kwa aliyoyatenda mwenyewe tu, bali na kwa yaliyowapata waliokuwa mikononi mwake.

Sasa turudi mitaani kwetu. Mwaka 2004 ulianza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, na katika miaka iliyofuata shule za kata zikajengwa kwa fedha za serikali na michango ya wananchi. Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Watoto wakamiminika, nasi tukashukuru. Lakini mkuu wa shule yenye watoto wengi namna hiyo hawezi kuwa katika kila darasa. Kwa hiyo mengi hutendeka nyuma yake, na kwa jina lake.

Tazama suala la fimbo. Kanuni za mwaka 2002 hazikumpa fimbo kila mwalimu. Ziliiweka mkononi mwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu yeye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike akiwepo, na adhabu iandikwe katika daftari. Hekima yake ni wazi: awepo mtu mmoja asiyeweza kusema, "Sikujua."

Mkuu mwema hulifungua daftari hilo na kulisoma. Huingia madarasani bila kualikwa. Mtoto akichelewa, humwuliza kwanza, kwani huenda amesimama kituoni saa nzima makondakta wakimkwepa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Msichana akiacha kuja shule siku tatu, hatumi salamu za vitisho, bali hutafuta habari zake nyumbani. Naye mwalimu kijana akikosea, humrekebisha faraghani, kisha mbele ya mzazi huibeba lawama yeye mwenyewe.

Na sisi wazazi je? Tusimwachie mzigo peke yake. Nenda shuleni kabla hujaitwa. Lijue jina lake. Uliza kwa adabu kama daftari la adhabu lipo. Mzazi anayefika siku ya ugomvi tu, naye pia ameiacha zamu yake, na nyumba yake ndiyo atakayoulizwa kwanza.

Mzee Mwinyi alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024. Tarehe 2 Machi alizikwa Mangapwani, kijiji kile kile alichokuwa mwalimu mkuu miaka sabini nyuma. Vyeo vyote vilikwisha, yakabaki matendo.

Mwenyezi Mungu amrehemu, awape wakuu wa shule zetu moyo wa kuwajibika, na atujaalie sisi tusiwe watu wa kuacha watoto mlangoni na kugeuza migongo. Amin.

Wabillahi tawfiq.