Safari ya Kipimo: Kutoka Waya wa Telegrafu hadi Rauta ya Nyumbani

Kituo cha hali ya hewa cha nyumbani huwa na sehemu mbili. Ya kwanza hukaa nje juu ya mlingoti, ikiwa na kipimamvua, kipimajoto na vikombe vya kupimia upepo. Ya pili hukaa ndani na kuonyesha vipimo kwenye skrini. Ili kipimo kitoke uani na kuonekana kwenye ramani ya intaneti, hupita hatua tatu: kwa redio kutoka mlingotini hadi kwenye skrini, kwa Wi-Fi kutoka kwenye skrini hadi kwenye rauta, na kwa intaneti kutoka kwenye rauta hadi kwenye seva iliyo mbali. Kila hatua ilizaliwa katika zama zake, na kila moja huharibika kwa namna yake. Anayejua zilikotoka hatua hizo hupata upesi mahali mawasiliano yalipokatika. Historia yake inaonyesha pia jambo ambalo wauzaji wa vifaa hulitaja kwa nadra: tangu karne ya 17, kupima kumekuwa kazi nyepesi kuliko kufikisha kipimo.

Mtandao wa mwanzo kabisa wa vituo ulianzishwa Florence mwaka 1654 na Ferdinando II wa ukoo wa Medici. Vifaa vilivyofanana vilipelekwa katika miji kadhaa ya Italia na mingine nje yake, hadi Paris na Warsaw, na wapimaji, wengi wao watawa, wakawa wanaandika na kutuma barua. Kufikia mwaka 1667 mtandao huo ulikuwa umevunjika. Mwaka 1780 jumuiya ya Mannheim, nchini Ujerumani, iliufufua mpango kwa nidhamu kubwa zaidi: vituo 39, vingine vikiwa Greenland na Amerika ya Kaskazini, vyote vikipima saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Saa hizo za Mannheim ziliendelea kutumiwa na wapimaji kwa muda mrefu baada ya jumuiya yenyewe kufa. Hata hivyo barua ilisafiri polepole kuliko dhoruba. Vipimo vilifaa kueleza mwaka uliopita, wala havikuweza kumwonya mtu kuhusu kesho.

Telegrafu ndiyo iliyogeuza mambo. Samuel Morse alituma ujumbe kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844, na kwa miaka michache tu nyaya zilikuwa zimeenea mashariki mwa Marekani. Makarani wa telegrafu wakawa wanajimu wa hali ya hewa bila kutumwa. Waya ulioning'inia kwenye nguzo ulipoloa, umeme ulivuja kuingia ardhini kupitia vishikizo vyake, na ishara ikadhoofika. Karani aliyeona ishara zinafifia alijua kwamba mahali fulani njiani mvua inanyesha, na ilikuwa kawaida asubuhi kuulizana hali ya hewa kabla ya kuanza kazi ya siku. Hitilafu ya njia yenyewe ilikuwa habari. Joseph Henry, katibu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, aliona thamani ya mazungumzo hayo. Kuanzia mwaka 1849 alikusanya wapimaji wa kujitolea, akapata ushirikiano wa kampuni za telegrafu, na mwaka 1856 ramani ya hali ya hewa ya siku hiyo ikatundikwa hadharani katika jengo la Smithsonian.

Ulaya ilisukumwa na misiba ya baharini. Tarehe 14 Novemba 1854, katika Vita vya Crimea, dhoruba iliharibu meli za Uingereza na Ufaransa, ikiwemo manowari ya Kifaransa iliyoitwa Henri IV, na mwanafalaki Urbain Le Verrier akatumwa kuchunguza kama ingeweza kutabiriwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859 meli Royal Charter ilivunjika kwenye miamba ya Anglesey, huko Wales, watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, alipanga vituo vya pwani vilivyotuma vipimo kwa telegrafu. Onyo lake la kwanza la dhoruba lilitoka Februari 1861, na utabiri wa kila siku ukaanza kuchapishwa katika gazeti la The Times tarehe 1 Agosti mwaka huohuo.

Hapo ndipo mpimaji wa nyumbani alipoachwa nyuma. Telegrafu ilikuwa ghali, na ikabaki mikononi mwa dola, majeshi na makampuni. Marekani ilipoanza vipimo vya pamoja tarehe 1 Novemba 1870, askari katika vituo 24 walisoma vifaa vyao kwa wakati mmoja na kutuma matokeo kwa waya. Raia wa kawaida alibaki na posta. George James Symons wa London alianza mwaka 1860 kukusanya vipimo vya mvua kutoka vituo 168 vya watu binafsi: mapadri, madaktari, walimu na mabwanyenye wenye bustani. Alipofariki mwaka 1900 wapimaji wake walikuwa zaidi ya 3,000. Hakuna aliyewalipa. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1890, iliunda mpango wa wapimaji wa kujitolea ambao unaendelea hadi leo. Watu hawa wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu tabianchi ya karne mbili zilizopita ilitoka katika madaftari yao.

Afrika Mashariki ilipita njia hizohizo mbili. Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari iliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, na idara ya pamoja ya hali ya hewa ya maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza ilianzishwa mwaka 1929 chini ya Albert Walter, aliyetoka Mauritius. Vituo vikuu vilitumia telegrafu. Vipimo vingi vya mvua, lakini, vilitoka misheni, mashambani na kwenye ofisi za wilaya, vikaandikwa kwenye fomu ya mwezi na kupelekwa kwa posta.

Raia walirudi kwenye njia ya haraka kupitia redio. Bob Bruninga, mhandisi katika Chuo cha Jeshi la Wanamaji cha Marekani, alibuni mfumo uitwao APRS, ambao uliwawezesha wapenda redio wenye leseni kutuma vifurushi vidogo vya data angani. Amerika ya Kaskazini masafa yake ni megahezi 144.39. Kituo cha hali ya hewa kikiunganishwa na redio hiyo kilijitangaza chenyewe kila baada ya dakika chache. Kutokana na kundi hilo kukatokea mpango wa CWOP, ambao hupokea vipimo vya raia, wenye redio na wasio nayo, na kuvifikisha kwa wataalamu wa serikali ya Marekani. Upande wa intaneti, kampuni ya Weather Underground, iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1995, ilifungua ramani yake kwa vituo vya watu binafsi. Ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza ilifungua ya kwake, WOW, mwaka 2011.

Katika miaka hiyo ya mwanzo muunganisho wa nyumbani ulikuwa kebo. Skrini ya kituo iliunganishwa na kompyuta, nayo kompyuta ilibidi iwe imewashwa usiku na mchana. Mpangilio huu ulikula umeme, lakini ulikuwa na faida moja kubwa: hitilafu ilionekana kwa macho. Waya ulikuwa umechomeka au haukuchomeka.

Wi-Fi iliondoa uwazi huo. Msingi wake ni uamuzi wa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani wa mwaka 1985, ulioruhusu watu kutumia masafa fulani bila leseni, yakiwemo ya gigahezi 2.4, ambako oveni za maikrowevu hufanya kazi. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka mwaka 1997, na kile kilichoingia majumbani kikatoka mwaka 1999. Yakaongezwa pia masafa ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini yanayoshindwa upesi na kuta. Kisha mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa chipu ya bei ndogo, ESP8266, na vituo vya hali ya hewa vikaanza kutengenezwa vikiwa na Wi-Fi ndani yake. Chipu hiyo husikia gigahezi 2.4 peke yake, na kutokana na hilo yametoka matatizo mengi ya wenye vituo.

Tatizo linalojulikana zaidi hutokea siku ya kwanza. Kituo kipya hurusha Wi-Fi yake chenyewe, na mwenye nyumba huambiwa aunganishe simu yake nayo ili akipe jina na nenosiri la mtandao wa nyumbani. Wi-Fi ya kituo haina intaneti. Simu za siku hizi zikikuta mtandao usio na intaneti huuacha kimyakimya na kurudi kwenye bando la simu. Programu basi inazungumza na laini ya simu wakati mwenye nyumba anadhani inazungumza na kituo, na zoezi linakwama bila maelezo. Dawa yake ni kuzima data ya simu mpaka kazi iishe. Rauta mpya nazo hutumia jina moja kwa masafa yote mawili, na nyingine hudai usalama wa WPA3, wa mwaka 2018, ambao vifaa vingi vya zamani havijui. Kuwasha mtandao wa wageni wenye gigahezi 2.4 na usalama wa WPA2 hutatua yote mawili kwa pamoja.

Kituo kikishaunganishwa, pengo katika vipimo vyake husomeka kama karani wa telegrafu alivyosoma ishara iliyofifia. Joto la ndani likiendelea kuonekana wakati vipimo vya nje vimetoweka, Wi-Fi haina kosa, kwani iliyokatika ni redio kati ya mlingoti na skrini. Redio hiyo hutumia masafa ya chini, kwa kawaida megahezi 433, 868 au 915 kulingana na nchi, nayo huzuiwa na zege na mabati. Pengo linalorudi kila alfajiri katika nchi za baridi huashiria betri, ambazo hudhoofika joto linaposhuka. Skrini ikiwa na vipimo vyote ilhali ramani haina kitu, kosa liko kwenye rauta au mbele yake.

Pengo linalokuja kila siku saa ileile huelekeza kwenye anwani. Itifaki ya DHCP, iliyotoka mwaka 1993, huipa kila mashine anwani ya IP kwa mkopo wenye kikomo, mara nyingi saa 24. Kituo kinachotuma chenyewe hakijali kubadilishiwa anwani. Kompyuta inayokifuata kituo kusoma vipimo hujali sana, kwa sababu inabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Kwa hiyo ni busara kuiagiza rauta ikihifadhie kituo anwani moja ya kudumu. Hakuna haja ya kufungua milango ya rauta kwa watu wa nje, ingawa ushauri huo husikika mara kwa mara. Kituo ndicho kinachoanza mazungumzo na seva, na majibu hurudi kwa njia ileile. Kufungua mlango huongeza hatari pasipo faida yoyote.

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo mwenye kituo hana mamlaka nayo. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha zamani kilichokuwa kikithibitisha seva nyingi za intaneti kilifika ukomo wake, na vifaa visivyopata masasisho vikashindwa kuziamini seva hizo usiku mmoja. Saa ya kifaa huleta mkasa unaofanana na huo. Umeme ukikatika, kifaa kisicho na betri ya saa huamka kikidhani kiko miaka mingi nyuma. Kabla hakijaulizia wakati kwenye intaneti, vyeti vyote huonekana batili, na vipimo vinavyotumwa vikiwa na tarehe ya zamani hukataliwa. Makampuni nayo hufunga huduma, na kifaa kilichojengwa kutuma kwa seva moja tu hubaki bila pa kutuma ingawa vihisi vyake ni vizima.

Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, umeiruka Wi-Fi kabisa. Vituo vyake vimewekwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, vingi vikiwa kwenye viwanja vya shule. Hutumia umeme wa jua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu za mkononi. Ni uamuzi wa hekima mahali ambapo umeme hukatika na mnara wa simu uko karibu kuliko rauta.

Kwa kituo cha nyumbani, kinga iliyo bora kuliko zote ni kumbukumbu iliyo ndani ya kituo chenyewe. Kihifadhi data cha vituo vya Davis, kwa mfano, huweka rekodi 2,560: kikirekodi kila baada ya dakika 5 hujaa kwa takriban siku 9, na kila baada ya dakika 30 kwa siku 53. Muunganisho ukirudi ndani ya muda huo, kompyuta huvuta vipimo vyote vilivyosubiri na kuziba pengo. Utabiri wa siku zilizopita hautafaidika navyo, lakini rekodi ya tabianchi hubaki kamili, kama ilivyobaki kwa wapimaji wa Symons waliosubiri posta. Kituo kisicho na kumbukumbu hutuma kipimo mara moja na kukisahau, na mvua iliyonyesha wakati rauta imezimika hupotea isipokuwa kama kuna mtu aliyeweka kipimamvua cha mkono uani na kuandika alichokisoma.