Ustadi wa Mikono ya Mama Zetu



Katika taarifa hii mmekwisha kusoma hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Lakini iko mali nyingine isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina, nayo yapungua kila mwaka. Mali hiyo ni ustadi wa mikono ya mama zetu.

Tangu zamani Wasomali wa nchi hii, kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia, walihama kufuata malisho na maji, na nyumba zao zilihama pamoja nao. Nyumba hiyo, iitwayo aqal, ilikuwa kazi ya mwanamke na mali yake. Fito zake ni mizizi na matawi ya migunga yaliyopindwa, na juu yake hutandazwa mikeka mizito iliyosukwa kwa nyuzi za magome ya miti na majani. Binti alipoposwa, mama yake na wanawake wa ukoo walikaa kumsukia nyumba yake. Siku ya kuhama nyumba ilifunguliwa, mikeka ikawa matandiko ya ngamia, na fito zikafungwa juu yake kushika mizigo. Mwaka 1995 mtaalamu wa Marekani, Labelle Prussin, alitoa kitabu juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, akaeleza wazi kwamba wajenzi wake ni wanawake.

Kadhalika dhiil, chombo cha maziwa. Nyuzi zake husukwa na kukazwa hata kisivuje, kisha hufukizwa kwa moshi wa miti iliyochaguliwa, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate harufu nzuri.

Je, ni nini kilichoupunguza ustadi huu? Si uvivu wa binti zetu. Ulipungua kwa sababu safari zilisimama. Katika vita vya miaka 1963 hadi 1967 watu wengi walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo mingi ikapotea. Sheria ya hali ya hatari ilidumu hata mwaka 1991, na katikati yake ukaja ukame, kama ule wa 1984. Asiye na ngamia hahami, na asiyehama hana haja ya nyumba ya kubebwa.

Wala tusiwalaumu waliopokea vitu vipya. Nyumba ya bati haingoji kusukwa, na mtungi wa plastiki ni mwepesi tena rahisi kwa bei. Mama apelekaye maziwa soko la Garissa anahitaji chombo leo.

Walakini yako mafunzo tuliyoyaona karibu nasi. Mwaka 1991 wakimbizi wa Somalia walipofika Dadaab, wengi hawakuwa na mkeka hata mmoja. Wanawake walikata fito, wakazipinda, wakazifunga, wakazifunika kwa nguo kuukuu na maturubali, na nyumba ya mviringo ikasimama. Mikeka ilikuwa imepotea, lakini ujuzi haukupotea. Basi mali yenyewe ni ujuzi. Makumbusho yaweza kuhifadhi dhiil katika kabati la kioo, lakini hayawezi kuhifadhi vidole vilivyoisuka.

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ni jambo jema, lakini sheria haisuki mkeka. Kazi iliyobaki ni yetu. Kwanza, majina ya mafundi walio hai yaandikwe, pamoja na kila mmoja ajuavyo: miti gani hukatwa, na majira gani. Pili, wasichana wafundishwe wakati wa likizo, bila kuacha masomo yao, na mama anayefundisha alipwe ujira kama fundi mwingine yeyote. Kwa maana ustadi usiolipwa huachwa, hata ukisifiwa kila siku. Tatu, sisi wenyewe tununue, katika arusi na sikukuu zetu, kwa bei isiyomdhulumu msusi.

Naomba wazee wayajadili mambo haya matatu katika mkutano mkuu, na mama zetu waitwe wasikilizwe. Fedha zikipotea hutafutwa tena. Fundi akizikwa na ujuzi wake, hatutakuwa na mtu wa kumwuliza.